Chumvi Kabla ya Mnada

Pale Mpemba, njia ya Ileje inapoachana na lami, Ferista, mama yake Amoni, ana jiko la mkaa, birika la kahawa na benchi refu la mbao za mkaratusi. Wenye benchi ni walewale. Yupo Injinia, fundi baiskeli ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilofanana na baiskeli. Yupo Kwacha, anayebadilisha fedha za Zambia, na ambaye amevuka mpaka na maneno mengi kuliko fedha. Siku hiyo ya Oktoba 2006 aliongezeka wa tatu, Luhaga, mfanyabiashara wa mifugo kutoka bondeni Momba. Lori alilolikodi lilivunjika springi mbele ya jiko la Ferista. Dereva akadandia gari kwenda Tunduma kutafuta nyingine, na ng'ombe wakabaki juu, pembe zimefungwa kwenye vyuma, jua likiwachoma migongo.

Ubishi ulianza ng'ombe mmoja mweupe alipolala. Kulala kwenyewe hakukuwa kulala, maana kamba ilimshikilia kichwa juu. Luhaga alipanda, akamsokota mkia, akamfokea kwa Kisukuma. Hakuinuka. Wenzake walimkanyaga kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuweka kwato. Luhaga akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaomba kahawa.

Injinia alisema kosa ni la upakiaji. Uzito ukizidi nyuma, mbele panakosa nguvu, na ng'ombe naye ana mbele na nyuma. Kwacha hakukubali. Yeye, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kibemba, alisema mnyama amenusa mpaka wa Zambia, akamwita Luhaga kwa jina waitwalo Wasukuma wote.

— Ngosha, huyo hataki kuvuka. Ing'ombe yenye akili haiendi kwa watu bila pasipoti.

— Hatuvuki. Tunakwenda mnadani, huko Mbozi.

— Yeye umemwambia?

Wakacheka, hata Luhaga. Injinia, kwa kuona amepitwa, akaleta jipya: honi za malori makubwa zinalegeza magoti ya ng'ombe. Kuna dereva mmoja alimweleza kwamba ng'ombe akikaa sana garini husahau kutembea, inabidi afundishwe upya kama mtoto. Kwacha akasema huko upande wa pili wapo waliosahau mpaka kula.

Ferista alikuwa anasuuza vikombe huku akipima kwa macho maji ya pipa. Yaliletwa na mkokoteni alfajiri. Sehemu ilikuwa ya kahawa, na yaliyobaki ya kufulia sare za watoto, maana kesho ilikuwa Jumatatu. Juu ya lori ng'ombe mmoja alilia, sauti imekauka, kama mtoto mwenye kifaduro. Ferista alikuwa amekwisha kulea wawili wenye kifaduro, na hakupenda kuisikia sauti ile akiwa kazini.

— Baba, hao wamekunywa maji?

Luhaga alimjibu bila kuficha, kama mtu anayeeleza kazi yake. Alfajiri aliwalambisha chumvi ya mawe, wote. Kesho, kabla wanunuzi hawajafika, angewafungulia kwenye birika la kunyweshea mifugo mnadani. Kwa kiu ile wangekunywa mpaka ubavu uwe duara, na mnunuzi akibonyeza mbavu asizipate. Wote hufanya hivyo, alisema. Mnada uliopita yeye hakufanya, akarudi na ng'ombe wake wote, wamekonda kuliko walivyokwenda. Akirudi nao tena, biashara imemshinda, atarudi kulima.

Injinia alitikisa kichwa kwa heshima. Huo, alisema, ndio ufundi.

— Kuna maji kwenye pipa, alisema Ferista. Ndoo moja mbili naweza kutoa.

— Asante, mama Amoni. Wakinywa hapa, kesho hawanywi. Nitakuwa nimewatesa bure.

— Na springi isipopatikana leo?

— Itapatikana.

Akasema hivyo akitazama njia ya Tunduma, na Ferista hakumbishia. Mali haikuwa yake.

Ndipo alipofika mama mmoja, Atuganile, anayesubiri gari la Itumba. Alisalimia, akapewa nafasi benchini, akaweka furushi miguuni. Kwacha alimsimulia habari yote, ya mpaka na ya honi, kisha ya chumvi, na kwa nini maji yanasubiri mnada. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye lori.

— Na huyo aliyelala, kesho atakunywa?

Luhaga aligeuka kumtazama yule mweupe.

Ferista akainuka. Alichota ndoo, akampa Injinia mkononi.

— Simama wewe. Panda.

Injinia akapanda. Harufu ya maji ilipofika juu, waliosimama walivuta kamba zao kwa nguvu hata lori likayumba. Midomo ikatokeza kwenye vyuma, imekauka, ina povu jeupe. Luhaga akaweka kikombe chini, akapanda, akamnyang'anya Injinia ndoo, akaisukuma midomo ile kwa kiwiko, akainama kwa yule mweupe.

Kutoka chini Ferista aliona mgongo wake tu, na mkono ukienda kwenye ndoo na kurudi. Maji yale hayakumezwa, yalipita kati ya mbao, yakaanguka vumbini. Luhaga aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha akachomoa kisu, akakata kamba iliyoshikilia ile pembe, akakishusha kichwa polepole kwa mikono miwili.

— Huyu basi, alisema. Lete ya hawa wengine.

Ferista alitazama pipa. Maji ya kahawa yalikuwa yamekwisha, yakabaki ya sare. Akaliinamisha pipa, akachota.