Swali la Kumi na Saba: Risala ya Wazazi na Wazee wa Lalofetau

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Sanele Petaia, Mkuu wa Mitihani; mchungaji wetu; machifu wa kijiji; walimu, wazazi na watoto:

Talofa, na amani iwe juu yenu. Sisi wazazi na wazee wa Shule ya Msingi Lalofetau, kisiwani Savai'i, tunakusalimu kwa heshima zote. Mimi Iakopo Lemalu, mpiga kengele wa kijiji, nimeteuliwa kuiandika na kuisoma risala hii kwa kuwa nina cheti cha masomo ya jioni, nilichokipata nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, kwa alama nzuri.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu sana. Tulikutarajia jana.

Barua yako ilisema: "Nitafika Alhamisi tarehe 12, saa sita mchana, nikitokea mkutanoni Pago Pago." Basi jana Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliwasha moto wa mawe. Saa tatu nguruwe wawili walikuwa wamefukiwa chini ya majani. Saa sita kasoro robo watoto walijipanga barabarani na mashada ya maua. Walikuimbia mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa gari la mikate. Mara ya pili walikuwa wapima barabara. Mara ya tatu tuliamini kabisa kuwa ni wewe, kumbe ni bwana mifugo, ambaye alishuka, akavishwa shada, akatoa hotuba. Tunamshukuru, alisema vizuri.

Ilipofika saa nane, mtoto Lusila wa darasa la sita akanijia.

"Babu Iakopo, mgeni hajachelewa."

"Hajachelewa vipi, na jua limeshapinda?"

"Si yuko Pago Pago? Kule leo ni Jumatano. Alhamisi yake haijaanza."

Bibi Lepeka, aliyekuwa akifukuza nzi, akamkemea. "Wewe mtoto, mdomo huo! Mkuu mzima wa mitihani asijue siku?"

"Siku anaijua, bibi. Ila anaijua ya kule."

"Haya, mwenye akili, atakuja lini?"

"Atapanda ndege Alhamisi ya kwao, atashuka Ijumaa ya kwetu. Kesho saa sita yuko hapa. Sasa hawa nguruwe ndio sijui kama watafika kesho."

Machifu walikaa kikao. Waliamua kwamba mtoto hawezi kujua kuliko mkubwa, kwa hiyo tukaendelea kungoja mpaka saa kumi na moja. Halafu tukala. Leo Ijumaa, saa sita na dakika nne, gari lako likaingia uwanjani. Hiyo ndiyo sababu ya samaki wa kopo unaowaona mbele yako. Tunaomba radhi. Ni samaki wazuri, wana nyanya.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, kijiji hiki hakikuwa na saa. Kilikuwa na mtungi mtupu wa gesi, unaoning'inia kando ya kanisa, na mimi na nondo yangu. Kila jioni jua linapozama, kama ilivyo desturi yetu sote, mtungi unagongwa mara ya kwanza watu waingie nyumbani, mara ya pili waanze sala, mara ya tatu watoke. Atakayeonekana barabarani katikati ya sala anatozwa katoni ya samaki wa kopo. Watoto walijua nyakati tatu tu: kabla ya mtungi, wakati wa mtungi, na baada ya mtungi. Ukimuuliza mtoto saa ngapi, alikujibu, "Bado babu Iakopo hajagonga." Jibu hilo lilinipendeza kwa miaka mingi.

Miaka sita iliyopita akaja Mwalimu Pelenatete Matamua. Hakuleta kitu ila begi moja na sauti. Alichukua kifuniko cha bati la biskuti, akakitoboa katikati, akafunga njiti mbili za ukuti, fupi na ndefu, akasema, "Hii ndiyo saa yetu. Haina betri, kwa hiyo betri ni ninyi." Watoto waliizungusha mpaka ikachakaa. Sasa wako kwenye kifuniko cha nne.

Hakufundisha kwa treni, kama kitabu kinavyotaka, maana hakuna hapa aliyewahi kuchelewa treni. Alifundisha kwa mawe ya moto, kwa maji kupwa na kujaa, na kwa kuku wa Bibi Lepeka.

Kuku huyo ana historia. Mwaka 2011 nchi yetu ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, Pago Pago ikabaki kule nyuma yetu kwa siku nzima, tulilala Alhamisi tukaamka Jumamosi. Ijumaa tarehe 30 Desemba hatukuiona. Bibi Lepeka alikuwa amemlaza kuku kwenye mayai tangu tarehe kumi. Akahesabu siku ishirini na moja, akafika tarehe 31, akaenda bandani akakuta kimya. Alimtukana kuku yule matusi ambayo mchungaji aliyasikia. Vifaranga walitoka kesho yake. Mwalimu alipokuja na kusimuliwa kisa hicho, aliandika ubaoni: "Kuku alikuwa sahihi. Serikali nayo ilikuwa sahihi. Tafuta siku iliyopotea." Watoto walicheka wiki nzima, lakini siku waliipata.

TULICHOVUNA

Leo mtoto wa darasa la tatu wa Lalofetau anaweza kukwambia mama yake aondoke saa ngapi ili awahi feri ya Salelologa, na basi likiharibika njiani amebakiwa na dakika ngapi za kulalamika.

Mwaka jana kijana Filipo, mjomba wake Lusila, alitozwa katoni kwa kupita barabarani wakati wa sala. Lusila alikwenda mbele ya machifu na daftari. Alikuwa ameandika kwa siku kumi na nne wakati mtungi ulipogongwa na wakati jua lilipozama, akaonyesha kuwa siku ile mtungi uliwahi kwa dakika kumi na moja. Sababu za jambo hilo si za risala hii. Katoni ilirudishwa, makopo mawili yakiwa yamepungua.

KINACHOTUKWAZA

Mheshimiwa, sasa tunafika palipo na mwiba.

Katika mtihani uliopita, swali la kumi na saba lilisema hivi: "Ndege inaondoka Apia siku ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Safari ya kwenda Pago Pago huchukua dakika thelathini na tano. Ndege itafika lini?" Watoto wetu thelathini na mmoja waliandika: Alhamisi, saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi. Wote walikosa. Kitabu cha majibu kinasema Ijumaa. Tunaambiwa kitabu hicho kilitungwa na wataalamu wa ng'ambo, mahali ambapo ukiondoka Ijumaa unafika Ijumaa. Tunawaonea wivu.

Tungevumilia kukosa alama. Lakini ofisi yako ilituandikia kwamba "watahiniwa wote wametoa jibu moja lisilo sahihi, jambo linalothibitisha kuwepo kwa udanganyifu," na kwamba Mwalimu Pelenatete anaondolewa darasani na kuhamishiwa ghala la vitabu Apia, na mwalimu mwingine ataletwa kwa wakati muafaka. Tulimpa Lusila akokotoe wakati muafaka. Ameshindwa, na ni swali la kwanza kumshinda.

Mheshimiwa, watoto hao hao thelathini na mmoja waliandika pia kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Hapo hawakushitakiwa.

Hatufichi kwamba tulijaribu kumshawishi mwalimu alegeze msimamo. Tulikwenda nyumbani kwake watu sita, na magimbi na kuku. Mke wa mchungaji alimwambia, "Binti yangu, ukweli tunaujua. Andika tu kwamba ni Ijumaa, uombe msamaha, ubaki na watoto."

Akajibu, "Mama, nikiandika Ijumaa, nitasimama ubaoni kwa uso gani?"

"Kwa huo huo. Wengine wanasimama nao hadi wanastaafu."

"Basi waacheni hao wastaafu. Mimi ndege ya kwetu naijua."

Kuku alimpokea. Msamaha hakuandika.

TUNALOOMBA

Tunajua vijiji vingine hukusomea orodha: tangi la maji, uzio, kompyuta, meza za walimu. Paa letu linavuja darasa la pili na la tano. Hatuliombi. Tumekubaliana kuomba jambo moja tu lisije likapotea katikati ya mabati: Mwalimu Pelenatete abaki.

Kama ofisi inahitaji ushahidi, tunadhani unao mfukoni. Tiketi yako ya leo imeandikwa Alhamisi tarehe 12, na pasi yako imegongwa muhuri wa Ijumaa tarehe 13, kwa safari ya dakika thelathini na tano. Hatukuombi usome kwa sauti mbele ya watoto. Tunaomba uvitazame vyote viwili kwa pamoja, ukiwa umekaa.

Mwalimu yupo hapa, safu ya pili, mwenye gauni la bluu. Begi lake limeshafungwa. Amepangiwa feri ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Kutoka sasa, saa nane mchana, hadi hapo ni saa sitini na sita. Kati ya hizo, ofisi yako itakuwa wazi kwa saa mbili na nusu tu, alasiri ya leo. Jumamosi imefungwa, Jumapili ni ya Mungu, na Jumatatu inafunguliwa saa tatu, feri ikiwa imeshatia nanga ng'ambo. Hesabu hii imefanywa na darasa la nne.

Kwa hiyo tunashauri, kwa unyenyekevu, usiingoje ofisi. Barua ya kumhamisha ilikuwa na maneno thelathini na manane. Ya kumbakiza inaweza kuwa fupi zaidi. Nimejaribu mwenyewe kwa kalamu: maneno kumi na mawili, dakika mbili, pamoja na kufuta miwani. Karatasi iko mbele yako, mkono wa kulia. Gari lako linaondoka saa kumi. Una dakika mia moja na ishirini, na sisi tunaomba mbili. Hatutapiga makofi wala kuimba mpaka umalize, tusije tukakukosesha.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akuvushe maji salama, na akufikishe nyumbani siku ile ile uliyomwambia mkeo.

Soifua.

Ni sisi,
Wazazi na Wazee wa Shule ya Msingi Lalofetau