Ukucha Uliobaki Mweupe

Mniruhusu niseme nikiwa nimeketi, ndugu zangu. Mguu mmoja haubebi maneno marefu.

Bendera yetu ilipopandishwa, nilikuwa kijana aliyetoka sekondari, sigara mdomoni. Baadaye nikalima viazi hapa Chaka. Baridi ya mlima mnaijua. Kila asubuhi nilivuta nikisema napata joto. Kumbe, nawaambia, nilikuwa nikijigandisha.

Baada ya miaka kama ishirini, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nikalaumu mlima. Nikawa navua viatu, naweka miguu karibu na jiko, kisha nawasha sigara kwa kaa la jiko hilo hilo.

Asubuhi moja mke wangu akauliza, "Baba, nani anachoma kwato za mbuzi?"

"Labda jirani ana wageni," nikacheka. "Jialike."

Hakucheka. Alikuwa akitazama chini. Ni mguu wangu uliokuwa ukiungua, nami sikusikia chochote.

Kidonda kilikataa kupona. Hospitalini, daktari alibonyeza ukucha wa mke wangu, akaachia. Wekundu ukarudi papo hapo. Akabonyeza wangu wa mguuni. Tukangoja. Ulibaki mweupe kama mshumaa.

"Mzee, ile mishipa midogo ya damu, myembamba kuliko uzi, moshi umeiharibu. Haipanuki tena kupitisha damu. Acha sigara, tujaribu kuokoa mguu."

Nikasema ndiyo. Halafu, ndugu zangu, nikawa navuta kwa kujificha katika choo cha wadi, huku mke wangu akiniletea uji na kuniombea. Walikata vidole. Nikavuta. Wakakata mguu chini ya goti. Nikiwa kwa magongo, bado nikavuta.

Siku moja, mke wangu akinivalisha soksi mguu uliobaki, alibonyeza ukucha, akaachia. Mweupe. Akangoja, akangoja, machozi yakimdondoka kwenye soksi.

"Na huu, Baba, utaupeleka wapi?"

Nilitoa pakiti ya sigara chini ya godoro, nikamwekea mkononi. Miezi iliyofuata nililia kama mtoto, nikamtukana, nikaomba hata kipisi. Hakunipa.

Mguu huu bado ninao. Namshukuru daktari aliyesema kweli, nanyi mlionibeba hadi kanisani. Na mke wangu, ambaye mlinisaidia kumzika. Kila asubuhi alikuwa akinibonyeza ukucha. Sasa nabonyeza mwenyewe. Wekundu hurudi, polepole, lakini hurudi.

Wewe mwenye pakiti mfukoni, vidole vikianza kufa ganzi, usiusingizie mlima.