Waliolala Shambani Ilagala

Sikieni wanangu, na kwanza futeni kicheko usoni, maana najua habari imeshazunguka Ujiji nzima: baba yenu, mtu mzima aliyefanya biashara kutoka Kalemie mpaka Mpulungu, asubuhi hii ameruka kitandani mbele ya kwaya ya akina mama na kuacha kikoi nyuma. Ni kweli. Margareta, jirani yetu huyu, alikuja na wenzake wa kanisani kunifariji kwa nyimbo, mimi nikazinduka usingizini, nikasikia zile sauti nyororo, nikadhani roho imeshatoka na malaika wamenipeleka upande usio wangu. Nikapiga kelele, "Jamani, mmekosea, mimi ni wa msikitini!" Wale wanawake wa watu wakafumba macho, wakaendelea kuimba. Heshima yangu iliyobaki ndiyo hii mnayoiona, imefunikwa shuka.

Sasa kaeni. Athumani, wewe mkubwa, sogea. Asia, inua kidogo huu mto, pumzi inanikataa. Margareta, usitoke, maneno haya yanakuhusu.

Nyumba hii na biashara ya dagaa gawaneni kama sheria yetu inavyosema, shehe atawasimamia, wala sitaki kusikia kaburini kwamba mmegombania mizani. Linalonikosesha usingizi ni shamba la Ilagala. Athumani, juzi ulidhani nimelala, ukamwambia dada yako kwamba nikishafumba macho utayasawazisha yale makaburi upate kupanda michikichi, kwa kuwa wale ni Wakristo wa Kongo, hawatuhusu. Nilikuwa macho, mwanangu. Mgonjwa husikia kuliko mzima, hana kazi nyingine.

Wewe ulikuwa masomoni Tabora mwaka ule wa tisini na sita, vita vilipowasukuma watu ziwani. Boti iliyotoka Baraka, ng'ambo ya Kongo, ilipinduliwa na upepo. Margareta huyu akaokolewa, mumewe Gervasi hakuonekana. Baadaye maji yakaanza kuwaleta watu ufukweni, mbele ya shamba letu, katika hali ambayo hata mama mzazi asingemtambua mwanawe. Tukachimba. Tulipomaliza kuchimba tukakwama: tuwalaze vipi, na nani awaombee? Mmoja wetu akasema kama ulivyosema wewe, Wakongo wote ni Wakristo, pigeni misalaba twende nyumbani. Tukamgeuza wa kwanza, ana rozari. Wa pili, ana tasbihi mfukoni. Wa tatu, kijana mwenye shati la mistari, shingoni ana kamba moja yenye msalaba na hirizi. Shehe akamtazama katekista Nikodemu, Nikodemu akamtazama shehe, kisha kila mmoja akawaombea wote, kaburi baada ya kaburi, wakamwachia Mungu achambue mwenyewe, kama wanawake wa mwaloni, boti za samaki zinaposhusha, wanavyochambua dagaa.

Sikatai, kujua dini ya mtu kuna faida. Utajua usimwandalie mgeni nguruwe, utajua saa ya kutomngoja dukani siku ya Ijumaa. Kwa kumkaribisha kunatosha. Kwa kumhukumu hakutoshi hata robo. Mimi Kalemie nimeibiwa na mwimbaji wa kanisa, Bujumbura nimeibiwa na haji, nikaona kwamba wezi hawana ubaguzi, wote walinipenda mimi. Mnasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Nimeuza samaki maisha yangu yote, na nawaambia, aliyetunga methali hiyo hakuwa na mtaji wake: mwenye mtaji humtoa aliyeoza, akaendelea kuuza.

Mnamwona Margareta akienda Ilagala na fagio lake. Hufagia makaburi yote, kwa sababu hajui la Gervasi ni lipi, wala kama Gervasi yumo. Ukisawazisha moja, Athumani, umesawazisha la mume wake. Na huenda umesawazisha la Mwislamu mwenzio.

Kwa hiyo nasema nikiwa na akili zangu timamu: dini imeniruhusu kutoa hadi theluthi kwa asiye mrithi, nami ule ukingo wa shamba wenye makaburi nampa Margareta, hautafika hata hiyo theluthi. Na mimi nizikeni palepale, katikati yao, nione nani atathubutu kupitisha jembe juu ya baba yake.

Maji... kidogo tu, Asia. Inatosha. Athumani, usilie bado, utamaliza machozi kabla wageni hawajafika. Nipe mkono. Mungu awape riziki ya kula na ya kugawa... awape watoto wenye masikio... asiwaache mikononi mwa watu wasiouliza majina yenu... Nani amezima taa? Haya. Margareta, mbona unatikisa kichwa? Sema, mama. Sema upesi.

"Shamba nimepokea, Mzee, aksanti. Lakini weye hautalala kule. Kule ni kwa wale hawana watu. Weye uko na watu."