Nereah Taaka na Visu Vyake vya Kukunja

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 1967, Nereah Taaka alikoroga uji wa wimbi nyumbani kwake Busia kama siku zote. Mumewe, Patroba Ojiambo, alikuwa mlangoni akinoa visu vya bucha kwenye jiwe. Mama akamaliza kufunga kikapu cha njugu za kupeleka Tororo. Kisha akatia kitu kidogo kwenye pindo la leso, akapiga fundo.

"Leo unampelekea nani?" mzee akauliza bila kuinua kichwa.

"Mtu wangu mmoja, mama wa pale stesheni. Kila siku ananiomba kisu akate kamba ya gunia."

"Na mimi?"

"Wewe, Baba Hudson! Wewe una visu vya kumaliza ng'ombe wote wa Bukedi. Kunywa uji, unapoa."

Akacheka, akajitwika kikapu, akaenda kungoja basi. Mzee hakucheka. Uji aliunywa umeshapoa.

Marehemu Nereah alizaliwa mwaka wa 1909, njiani kati ya Lumino na Busia, mama yake akiwa anapeleka vyungu sokoni. Wanawake walikuwa wengi, vyungu vilikuwa vingi, kisu hakuna aliyekuwa nacho. Kitovu kilikatwa kwa utete uliochomolewa kwenye kikapu. Kilichelewa sana kupona, na mama mtu alilisimulia jambo hilo mpaka akaingia kaburini. Wanaouliza visu vilianzia wapi, vilianzia hapo.

Shule hakupata nyingi. Alisoma darasa la ubatizo Lumino, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1923, akajua kusoma Zaburi na kuandika jina lake. Mumewe hata hilo hakulipata. Maneno haya ameyasema yeye kwa mdomo, na kifungua mimba wao Hudson, anayewasomea, ndiye aliyeyaandika.

Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 8 Septemba 1928. Siku ya kuposa, Ojiambo alitoka moja kwa moja kazini, kisu cha kuchunia kiko kiunoni kwenye ala yake. Kuchinja ilikuwa kazi ya Sowedi, Mwislamu waliyefanya kazi naye, kama desturi ya soko. Kuchuna na kukata ndiyo kazi yake. Shangazi wa binti wakapiga kelele: "Huyu kijana amekuja kuoa au amekuja kuchuna?" Nereah akachungulia kutoka jikoni, akasema, "Mwacheni aingie. Huyu angalau ana kisu." Ojiambo alitembea na neno hilo miaka mingi kama mtu aliyepewa cheo. Hakujua kwamba ndilo litakalomponza.

Mwaka wa 1946 marehemu alianza kuuza njugu Tororo, karibu na stesheni ya reli. Akaaminiwa, akapendwa, hata Nurudin mwenye duka la vyuma akamwita Mama Njugu. Kwa Nurudin ndiko alikonunua visu vya kukunja. Hakuwapa watu wenye visu. Alimpa yule anayepapasa mifuko mitupu na kuuliza, "Nani ana kisu hapo?" Alikuwa anakitia mkononi kikiwa kimefungwa, anasema, "Hiki si cha kupigana. Ni cha siku hiyo." Mtu akiuliza siku gani, anajibu, "Utaiona." Na tangu hapo mtu huyo alikuwa na jina jipya kinywani mwa Nereah. Alimwita "mtu wangu".

Kwenye arusi ya mpwa wake Robinah, huko Nabuyoga, mwaka wa 1958, wenzake walileta sufuria na mablanketi. Yeye akaleta kisu. Mama mkwe wa bibi arusi akasimama.

"We Nereah! Unampa kisu amchinje mwanangu?"

"Ni cha kumenyea muhogo, mwenzangu. Akitaka kumchinja mwanao atatafuta kikubwa."

Watu walicheka hadi ngoma ikasimama. Mwaka uliofuata ndama wa Robinah alikabwa na kamba yake, macho yametoka. Kisu kilikuwa kwenye pindo la nguo, akaikata kamba. Ndama huyo leo ni ng'ombe wa maziwa, na maziwa ya chai ya msiba huu yametoka kwake.

Watu wake walikuwa wengi. Mkunga alikuwa mtu wake. Fundi wa baiskeli alikuwa mtu wake. Mzee alivumilia. Lakini mwaka wa 1961 alikuja Cornelius Otai, mwalimu wa kanisa, mtu wa mikono laini, asiyejua hata kushika panga. Siku moja baada ya ibada Otai alishindwa kufungua bahasha. Wiki iliyofuata Nereah alimletea kisu chenye mpini wa mfupa mweupe, kizuri kuliko vyote vilivyopita nyumbani kwao.

"Mwalimu Otai naye ni mtu wangu sasa," akasema jioni akichambua njugu.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni Baba Hudson."

Tangu siku hiyo mzee alikaa kiti cha nyuma kanisani, asione kile kisu Otai anapokitoa kuchongea penseli. Otai akija kununua nyama alipewa kilo yake barabara, ila mfupa ulikuwa mwingi. Mara moja mzee alificha visu vyake bucha, akarudi nyumbani akapapasa mifuko mbele ya mkewe: "Sijui visu vyangu vimekwenda wapi." Nereah akamtazama, akasema, "Vimekwenda bucha. Kavichukue." Tangu hapo hakujaribu tena. Watu walidhani wivu wake ni wa mwanamume kumwonea mwanamume mwenzake. Haukuwa huo. Mke wake alimwamini. Alichotaka ni kuitwa jina lile, naye aliona wenye kulipata ni wasio na kitu, na yeye Mungu amempa visu.

Siku ile ya Jumanne marehemu alianguka sokoni. Kilikuwa kichomi, nacho kilikuwa kimemkaa kifuani siku nyingi bila yeye kusema. Akalazwa hospitalini Tororo. Jumamosi mzee alifika kumwona, amevaa koti la kanisani, mkononi ana chungwa. Visu vya kazi huviingizi wodini, alikuwa ameviacha Busia vimefungwa kwenye gunia. Nereah akasema, "Nipe kipande, koo limekauka." Mzee akapapasa mfuko huu, akapapasa ule. Hakuna. Mchuna ng'ombe wa miaka arobaini, amesimama na chungwa.

Wakati huo huo akaingia Mwalimu Otai, amekuja kuomba. Akatoa kisu chake cha mpini mweupe, akachukua chungwa, akaanza kumenya. Alimenya vibaya. Nusu ya chungwa ilibaki kwenye ganda.

"Lete hapa, Mwalimu," mzee akasema. "Unaliua."

Otai akampa kisu. Ilikuwa mara ya kwanza Ojiambo kukishika. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, na kikali. Otai alikuwa amekitunza. Akalimaliza chungwa vizuri, ganda lililobaki likatoka zima, akamlisha mkewe kipande kwa kipande. Nereah alikuwa anawatazama wote wawili. Akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akamshika mumewe mkono, akamwambia neno. Otai alilisikia, ni shahidi.

Marehemu alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 19 Novemba 1967, kabla ya kengele ya ibada.

Ameacha mume, Patroba Ojiambo, watoto, Hudson, Wilkister wa Osukuru, Norah na Alupo, wajukuu, dada yake aliye Lumino, na watu wake, ambao mzee hawezi kuwahesabu. Mzee amesema wote wenye visu vya Nereah wasimame karibu na kaburi, hata Mwalimu Otai. Otai yuko hapa, kisu kiko mfuko wa shati. Mzee amekiona. Bado hapendi kukiona.

Jana Nurudin alikuja msibani na kitu amekifunga kwenye karatasi ya duka. Kina mpini wa pembe nyeusi. Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu, kama ni kile alichokitaja Nereah. Nurudin akasema ndicho, Mama Njugu alimwomba amwekee tangu mwaka juzi na hakusema ni cha nani. Sasa kiko mfukoni mwa koti la mzee. Bucha limekabidhiwa Sowedi, pamoja na visu vyake vyote.

Mungu ampokee Nereah Taaka na kumpa raha ambayo njugu na barabara ya Tororo hazikumpa. Neno alilomwambia mumewe wodini ni hili, na mzee ameomba lisomwe lilivyo, liwe la mwisho:

"Baba Hudson, kumbe huna kisu! Basi kachukue chako kwa Nurudin, kile cha pembe, mtu wangu."