Dada Yetu na Safari ya Hori Tatu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Miwani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, katika chumba cha nyuma ya duka la baba la ushonaji, kaka yetu mkubwa akiwa amemtangulia, nami ninayesoma nikamfuata. Alisoma shule ya msingi ya jirani na stendi, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1985, akajifunza kusaga vioo vya miwani katika karakana aliyoitumikia maisha yake yote, na mwaka 1993 akafunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yetu mcheshi aliyefariki mwaka 2015, wakiwa wamejaliwa binti mmoja, huyu aliyeketi mbele.

Kaka ameniomba nikifika hapa niruke, nije kwenye ugonjwa. Siruki.

Baada ya kufiwa, dada alijifunza kuvua samaki wa maji chumvi kwa chambo alichokifunga mwenyewe kwa uzi na manyoya, akanunua kayaki nyekundu ya plastiki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, akapanga safari ya kupita hori tatu, mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, peke yake, ramani ikiwa ukutani jikoni, akijua ni wapi maji yakipwa atakwama kwenye matope, wapi atalala, nani wa kupigiwa simu akichelewa. Kaka akamwambia mbele yetu, "Mjane mzima, unakwenda kuchezea maji na manyoya ya kuku? Watu watatuonaje?" Dada akajibu, "Wataniona mgongo, nikienda."

Tarehe 2 Machi mwaka huu, wiki ya safari, dada akiwa kazini, kaka alichukua msumeno akaikata kayaki vipande viwili uani, majirani wakasikia wakadhani ni ukarabati. Dada aliporudi hakupiga kelele, aliniambia tu, "Nitaazima nyingine, na huyu asikanyage tena kwangu," akaanza kupanga upya. Tarehe 19 Machi alianguka karakanani, kiharusi kikamlemaza upande wa kulia, na kwa mdomo uliopinda aliuliza kila asubuhi, "Maji yanapwa saa ngapi?" hadi alipofariki, tarehe 11 Aprili, binti yake akiwa amemshika mkono.

Madaktari hawasemi msumeno ulimuua, nami sisemi. Nasema ulimnyima wiki moja aliyoitaka kwa moyo wote, mwili wake ukingali na nguvu za kuitumia.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemtafutia saa za maji kwenye simu yake bila kumcheka, majirani mliotupikia na kutufulia, na wenzake wa karakana mliopokezana kukaa naye. Kaka ameomba atajwe miongoni mwa waliomuuguza. Hakumuuguza.

Pumzika, dada yangu, kwa amani uliyonyimwa uani kwako mwenyewe.