Finjani Isiyotikiswa: Shukrani kwa Profesa Khulood

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kituo chetu cha Utafiti wa Saratani, waheshimiwa madaktari na wakuu wa idara mliovumilia foleni ya magari kutoka Al Khuwair, familia ya Profesa, wagonjwa wetu na ninyi mliokwisha kupona, watafiti wenzangu, na wewe mama yangu Stefania, uliyekaa karibu na mlango kana kwamba utaitwa jikoni wakati wowote: nawasalimu nyote kwa heshima. Assalamu alaikum, na kwa wenzangu wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Mama, sogea mbele. Leo wewe ni mgeni.

Mimi naitwa Veneranda, mtafiti katika kituo hiki. Sherehe ya Kiarabu ilifanyika asubuhi, ikapendeza. Jioni hii Profesa Khulood binti Amur ameiomba iwe ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyorudi nayo hapa Maskati na wazee wake kutoka Unguja, akiwa binti mdogo. Anastaafu leo. Tuzo mnayompa ni ya mwanasayansi aliyewashika mkono watafiti ambao kwa kawaida hawaitwi mezani, na mmoja wao ndiye huyu anayesimama mbele yenu.

Nilifikaje mezani? Nawaomba mnivumilie, maana jibu lake linaanzia kwenye kahawa.

Profesa alikuwa akichunguza kwa nini kina mama wazee wa familia zilizotoka Zanzibar wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, saratani ya titi imekwisha kusambaa. Tulipita majumbani na dodoso. Mtafiti anabisha hodi, anakaribishwa, anauliza kama mama ana maumivu au mabadiliko yoyote mwilini, anaandika, anaaga. Na kila mama alijibu, “Alhamdulillah, salama.” Ukisoma majibu yale ungedhani Maskati nzima haina mgonjwa, huku wodini vitanda vimejaa. Kamati ilianza kusema utafiti ufungwe. Mkataba wangu ulikuwa umefungwa kwenye utafiti huohuo, kwa hiyo ukifa nami nafungasha, narudi Bukoba na shahada yangu kwenye bahasha.

Katika hali hiyo nikatumwa mtaa wa Hamriya, kwa mama mmoja, Bi Sayyida. Leo yuko nasi, safu ya pili, na ameniruhusu niyaseme haya. Akanijibu maswali yote: salama, salama, salama. Utaratibu ulinitaka niondoke, lakini akaleta haluwa na dele, lile birika la kahawa, nami nikaona haya kukataa. Waheshimiwa, kwetu Bukoba kahawa tunaitafuna. Nani angenifundisha kwamba hapa mgeni akitosheka huitikisa finjani yake, na asipoitikisa mwenyeji anaendelea kummiminia? Nikimaliza, namrudishia finjani kwa adabu. Anaijaza. Nakunywa kwa adabu zaidi. Anaijaza tena. Nilipofika finjani ya tisa nikaacha kuhesabu, na mwenyeji wangu naye, nadhani, alikuwa anajiuliza huyu mtoto ana tumbo la namna gani.

Lakini mkikaa muda wote huo lazima mzungumze. Tukazungumza habari za watoto wake, za marehemu mumewe, za mama yangu anayefanya kazi za nyumbani Al Khuwair. Mara Bi Sayyida akaliweka dele chini, akasema, “Mwanangu, nnacho kitu hapa kifuani tangu Ramadhani. Sijamwambia mtu.”

Sikuwa nimemuuliza chochote.

Kesho yake nilimweleza Profesa nikijua nitakemewa kwa kuvunja utaratibu. Hakunikemea. Alichukua gari lake akamfuata Bi Sayyida mwenyewe, akamfikisha kliniki siku ileile. Aliporudi ndipo aliponiuliza habari za finjani, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akakaa, akafikiri kwa sauti mbele yangu. Sisi watu wa Kiswahili, alisema, tukiulizwa hali mlangoni tunajibu sijambo, hata kama tumeletwa tumebebwa. Jibu la mlangoni ni salamu, na sisi tulikuwa tunalichukua kuwa ni taarifa ya ugonjwa. Tangu hapo akaagiza kila mtafiti anywe kahawa kwanza, azungumze, kisha ndipo aulize. Majibu yakabadilika. Utafiti ukapona, na kina mama wengi wakapona pamoja nao.

Ilipofika wakati wa kuandika makala, Profesa akalitanguliza jina langu mbele ya lake. Bwana mmoja kwenye kamati, kwa upole kabisa, alisema huyu ni mgeni, mwaka kesho hayupo, heri litangulie jina la mtu atakayebaki. Nilikuwa nimekaa palepale, nikiangalia viatu vyangu. Profesa akamjibu, “Jina langu likitangulia, mimi ntaongezewa nini? Likitangulia lake, ndiyo atabaki.”

Nimebaki. Wako na wengine: Rawan wa kule Sidab kwa wavuvi, wa kwanza katika ukoo wao kuvaa koti la maabara, naye aliingia kwa mlango huohuo. Kwa nini alitufanyia hivi? Siku moja alinisimulia kwamba alipoanza kazi waliokuwa juu yake walimtania kuwa Kiarabu chake kinanuka karafuu, na kwa miaka mingi jina lake lilikaa mwisho wa kazi alizozifanya mwenyewe. Wapo wanaopita kwenye mateso kama hayo wakayageuza kuwa ada ya kila anayewafuata. Yeye hakumtoza mtu. Profesa, ahsante. Nimeandika maneno mengi ya kitaalamu maishani mwangu, na hilo ndilo neno ninaloliamini kuliko yote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tuzo hii ni nzuri na kioo chake kinang'aa. Ila nafasi ya mafunzo aliyoianzisha kwa vijana wasio na mtu wa kuwasemea inakwisha naye leo, au inabaki? Nauliza kwa heshima zote, na sitaki jibu la mlangoni.

Jambo langu la mwisho ni lako, Mwalimu wangu. Wiki nzima tumekuuliza unajisikiaje kustaafu, nawe unatujibu, “Alhamdulillah, salama.” Umesahau nani alitufundisha kazi hii? Tangu nianze kusema nimekuwa nikiitazama finjani yako. Imekwisha zamani, umeishika mkononi, na hujaitikisa.

Basi nimeelewa. Waheshimiwa, nawashukuru nyote mlionitegea sikio, na mniwie radhi nikishuka upesi, maana nakwenda kuchukua dele. Nitammiminia Profesa wangu, nikae karibu naye, tuzungumze habari za watoto, na tukishakunywa ndipo nitamuuliza upya hali yake.