Mama Kaaya na Trei Zilizofunikwa Blanketi

Kwa hiyo basi, kama tulivyokuwa tukisema kwenye chai, hakuna kati yetu anayeingia chumba cha kuvu bila kunawa mpaka kwenye viwiko, na aliyetuzoesha hivyo ni Mama Kaaya. Ametimiza miaka ishirini na mitatu kazini, na leo, tarehe 2 Oktoba, anastaafu.

Bi Tabea Kaaya alianza hapa Kwa Mrombo tukiwa na chumba kimoja chenye rafu za mbao. Kwa wageni wetu, kazi yenyewe ni hii: pumba za ngano zilizopikwa kwa mvuke tunazitandaza kwenye trei zikiwa na unyevu kidogo tu, kisha tunapanda kuvu. Kuvu ikila pumba inatoa kimeng'enya. Maji yake tunayoyakamua yakimwagwa kwenye tangi la kahawa iliyomenywa, ute unaachia upesi hata kukiwa na baridi. Mama Kaaya, mkuu wetu wa uzalishaji, aliwashawishi wakulima wa Meru kwa kuanza na kahawa ya shamba lake, ili hasara ikitokea iwe yake.

Julai mwaka huu roho zilikuwa mkononi. Kahawa ya chama cha wakulima cha Mzee Anande ilikuwa tangini, ute umegoma kwa baridi, na ingekaa siku moja zaidi ingeoza. Tegemeo lao lote lilikuwa trei zetu. Asubuhi Mama Kaaya alifungua mlango, joto likampiga usoni. Sifaeli, kijana wetu mpya, usiku alikuwa amezionea trei huruma akazifunika blanketi, kama kwao wanavyofunika mbege, ile pombe ya ndizi, isipigwe na baridi. Lakini kuvu hujitengenezea joto. Ukiifunika, inajipika yenyewe.

Mama hakugomba. Alivua blanketi, akaingiza mkono katikati ya kila trei, akanusa. Zilizonuka uchachu zilitupwa. Zilizobaki na harufu ya uyoga tulizivunjavunja zipate hewa. Karibu nusu ilienda jalalani. Saadi, fundi wetu, wakati ule mchumba wangu na sasa mume wangu (jamani, neno tamu hili!), alipepea kwa boksi mpaka shati likamganda mgongoni, nami nikajua nimechagua vizuri. Mzee Anande akapiga simu kuuliza kama tunatengeneza kimeng'enya au tunapika makande. Hakuna aliyecheka.

Tulikamua kilichosalia, tukapanda nacho mlimani, tukamwaga tangini. Mama Kaaya alichota punje, akazisugua. Zikateleza. Akangoja, akachota tena. Bado zinateleza. Mzee Anande alikuwa amevua kofia kama yuko msibani. Baadaye sana, zikakwaruzana kiganjani kama changarawe. Ute umetoka! Mzee Anande akamkumbatia mbele ya mkewe, na mkewe ndiye aliyepiga vigelegele.

Sifaeli hakufukuzwa. Mama alimwambia meneja kwamba kijana huyu ameshajua joto lilivyo, wa kumleta badala yake atalijulia wapi? Leo anamkabidhi ufunguo wa chumba cha kuvu, ingawa sisi tunamwita Blanketi.

Mama, ahsante kwa ukali wako na kwa upendo wako. Mungu akujalie afya, migomba iliyonawiri, na usingizi usiokatizwa na simu za wakulima. Weka ndizi jikoni: mimi na Saadi wangu tunakuja kukusalimia kabla mwezi huu haujaisha.

Najat, Ufungashaji